Dokta na Watu wa Nyuma ya Filamu

Sijapata kumwona mtu mwingine aliyejua mengi namna ile kuhusu filamu bila kuwa ameziangalia. Ungemwuliza Dokta, jirani yangu wa Nyalukemba, mtaa wetu hapa Bukavu, juu ya filamu ambayo mji mzima umeililia, angekuambia kwamba ile theluji ya mwisho ilikuwa povu na karatasi, kwamba farasi aliyekufa alikuwa amelala tu na mfunzaji wake akimsugua sikio pembeni, na kwamba mvua ilitoka kwenye mabomba yaliyoshikwa na wanaume waliovaa makoti ya plastiki. Ukimwuliza ni nani aliyekufa kwenye theluji hiyo, na kwa nini, alifungua mikono yake miwili.

"Ile sijue, voisine. Mi sikufika kule."

Voisine, yaani jirani wa kike, ndilo jina pekee aliloniita miaka yote. Nami nilimwita Dokta kama mtaa wote ulivyomwita, ingawa alikuwa ameacha kupasua watu kabla sijahamia hapo. Ukuta wetu ni mmoja. Mti wake wa avoka unaangusha nusu ya matunda upande wangu, na hajawahi kuyadai. Alisema mti hausomi mipaka, na kwamba angetamani wanaogombania mashamba kule Kavumu wangekuwa na akili hiyo.

Siku hizi filamu kubwa zinazopendwa hufuatwa na filamu ndogo ya kando, inayoonyesha jinsi ile kubwa ilivyotengenezwa: maseremala wanaojenga kijiji cha kuchomwa, mwanamke anayemshikia mwigizaji mwavuli, jamaa anayeruka kutoka ghorofani badala ya shujaa halafu anauliza kama kuna kahawa. Wengine wetu hatuzijali hizo. Dokta hakuangalia kitu kingine. Alizifuata mtaa wa Kadutu kwa miguu yake, akipanda vile vijia vya mawe na fimbo mkononi, hadi kwa vijana wenye kompyuta wanaojaza watu filamu kwenye flash. Niliwahi kumsindikiza nikashuhudia ubishi wao, ambao nadhani ulirudiwa kila safari.

"Dokta, kamata na film yenyewe," kijana alimwambia. "Iko muzuri sana. Utalia."

"Ya kulia niko nayo kwangu. Munipe ile ya vile waliitengeneza."

"Batu bote banaomba film. Wewe peke yako njo unaomba jikoni ya film."

"Mu jikoni njo munakuwaka batu," Dokta alijibu, akaweka flash yake juu ya meza.

Sababu yake mtaa wote uliijua, na yeye mwenyewe hakuificha. Alikuwa na mtoto mmoja, msichana, ambaye mama yake alifariki mtoto akiwa bado sekondari. Dokta alimpeleka Ubelgiji kusomea udaktari. Msichana akasoma miaka kadhaa, akaacha, akaingia shule inayofundisha kupaka nyuso na miili ya waigizaji, kisha akavuka kwenda Kanada, na kazi yake huko ni kuchora vidonda: risasi, panga, moto, vyote vya uongo. Siku alipompigia baba yake kumweleza, Dokta alikuwa anamenya chungwa. Alinisimulia habari hiyo ya chungwa mara nyingi, kana kwamba lile chungwa lingemtetea mahali fulani. Alimwambia mtoto wake: "Uso wako nitauona siku utavaa blouse ya munganga," yaani koti jeupe la daktari. Akakata simu, akamalizia chungwa lake.

Mtoto wa nyoka ni nyoka. Msichana alilishika neno lile jinsi lilivyosemwa. Hakununa, wala hakupotea. Alipiga simu Krismasi na Pasaka, aliuliza habari za tension, ile presha yake ya damu, alituma dawa na soksi za baridi kwa watu waliokuwa wanakuja. Ila tangu siku ile hakutuma picha, na alipopiga simu ilikuwa sauti tupu. Uso wake baba hakuuona tena. Na Dokta, ambaye neno moja tu lingetosha, hakuwa mtu wa kula matapishi yake.

"Nilimutuma kule ajifunze kufunga bidonda," alizoea kusema. "Yeye anabichora."

Wageni walicheka. Yeye hakucheka, na nilipomzoea niliacha kucheka pia.

Msichana hakuruhusiwa kutaja filamu alizofanyia kazi. Alisema wanasaini mkataba wa kunyamaza. Kwa hiyo baba yake alitafuta katika zote. Filamu yenyewe ingemfaa nini? Mle ndani mna nyuso za watu wengine. Aliyechora kidonda anasimama nyuma, na ukitaka kumwona, uende nyuma.

Jumapili baada ya misa nilivuka kwake. Alikuwa ameshafunga pazia la sebule ili mwanga usisumbue televisheni, chai iko mezani, avoka limekatwa vipande vilivyolingana kama vya hospitali. Nilikwenda kwa sababu ofisini kwangu wiki nzima naandika ripoti juu ya watu nisiowaona, na pia, niseme tu, kwa sababu nyumbani kwangu nami hakuna anayenisubiri. Tulikaa kwenye viti viwili vya mbao. Hakupenda maneno. Waongozaji walipoanza kujisifu aliangalia dirishani. Waigizaji walipoanza kushukuru alimimina chai. Lakini kamera ilipopita nyuma ya meza ya vipodozi, au mtu alipoonekana amechuchumaa mbele ya mguu wa mwigizaji na brashi mkononi, Dokta alisogea mbele mpaka magoti yake yakagusa meza. Alibonyeza, akarudisha, akabonyeza tena. Kisha akaegemea kiti.

"Si yeye," alisema. Halafu, kwa sababu daktari hastaafu moyoni, aliongeza hukumu: "Na kile kidonda ni cha uongo. Risasi haitokake pale hata siku moja."

Kwa mambo mengine alikuwa mtu wa ajabu kidogo, na sitaki msomaji adhani aliishi kwa huzuni tu. Alinawa mikono mpaka kwenye viwiko kabla ya kumenya hata ndizi. Alivaa sandali na soksi kwenda kanisani, na tai juu yake. Aliwajua watu kwa matumbo yao: tukipita mtaa wa Nyawera, bwana mmoja mnene wa ofisi akishuka garini na kumwamkia, Dokta aliitikia kwa heshima zote kisha akaniambia chini kwa chini, "Huyu ni hernie ya mwaka ule mvua iliharibu barabara," akimaanisha ngiri aliyoipasua. Alisema hakumbuki majina, anakumbuka makovu. Alikuwa mkarimu wa kutibu na bahili wa kusifu. Wauguzi waliofanya kazi naye wanasema ukishona vizuri alinyamaza, na ule ukimya wake mtu alikwenda nao nyumbani kama zawadi. Sijui mtoto alizawadiwa ukimya mara ngapi.

Majina ya mwisho, yale yanayopanda kwenye skrini watu wanapotafuta viatu, aliyasoma yote kwa sauti kama litania, kidole kikiyafuata hewani. Umeme ukikatika katikati, na kwetu umeme hauombi ruhusa, alikaa pale pale sebuleni nyuma ya pazia lake mpaka urudi, amalizie. Jina la mwanawe hakulipata. Shemeji yake, yule dada wa marehemu mke wake ambaye sote tunamwita Tantine, alimwambia siku moja kwamba huenda mtoto anaandikwa kwa jina la mume.

Dokta aliweka kikombe chini. "Ana bwana?"

Tantine hakujua. Dokta pia hakujua. Walitazamana wale wazee wawili, na mimi nikaenda jikoni kuongeza maji ya chai ambayo hayakuhitajika.

Halafu ikaja ile filamu ya vita. Filamu yenyewe ilipendwa sana; vijana wa Kadutu walikuwa wanaigiza mapigano yake njiani. Dokta alileta ya nyuma yake, kama kawaida. Katikati, mwongozaji akiwa anaeleza jambo lake, kamera ikapita pembeni ikaonyesha askari ameketi kwenye ngazi za lori, mkono wake una kidonda kilicho wazi, na mbele yake mwanamke mweusi ameinama, mgongo wake kwetu, anapaka. Kichwani amefunga kitambaa, ncha moja imechomekwa juu ya sikio la kushoto. Uso haukuonekana. Picha ikapita.

Dokta alirudisha. Akasimamisha. Alikaa muda mrefu akiangalia, si mwanamke, ila kidonda.

"Angalia, voisine. Kingo zimevimba kidogo, na mafuta iko chini ya ngozi, ya rangi ya njano. Ile mutu hajifunzi mu kitabu. Huyu aliona kidonda cha kweli. Nilikuwa namupeleka ku salle ya kupasulia, angali mudogo, anasimama ku mulango." Kisha akaonyesha kile kitambaa. "Na mama yake alikuwa anafunga vile vile."

Nilimwambia taratibu kwamba wanawake wengi wanafunga kitambaa hivyo. Aliniangalia kwa jicho la daktari mkuu anayesikia maoni ya mwanafunzi. Miaka yote hiyo alikuwa anasema "si yeye", na watu wanaosema hapana miaka mingi, wakisema ndiyo wanaisema kwa nguvu zote. Nilimwomba basi ampigie mtoto amwulize. Alikataa. Kumwuliza kungekuwa ni kukiri kwamba anamtafuta.

Badala yake alifanya kile ambacho familia ya Bukavu hufanya mtoto wao anapong'aa ugenini: alitoa misa ya shukrani. Padri alilisoma jina la msichana kati ya nia za misa ya kwanza, pamoja na kazi yake, "mchoraji katika sinema," na nilimwona Dokta katika benchi la mbele akiinua kidevu. Yule mtu bahili wa sifa alikuwa anamsifu mwanawe mbele ya parokia nzima, bila kumwambia mwenyewe. Baada ya misa tulijaa kwake. Kulikuwa na sambaza wa kukaanga, vile visamaki vya ziwa letu, ndizi, fanta, viti vya kukopa. Dokta aliweka filamu, akafika pale penye lori, akasimamisha. Alisimama kando ya televisheni na fimbo yake kama anafundisha.

"Ule pale. Mutoto yangu."

Watu walipiga makofi. Kina mama walipiga vigelegele, na mmoja akasema ni mama yake mtupu, mabega yale. Mimi nilitaka iwe kweli kiasi kwamba mwishoni niliona mabega pia. Tantine alirekodi kila kitu kwa simu, televisheni, fimbo, vigelegele, akamtumia msichana papo hapo, na jibu lilipoingia alilifungua kwa sauti ya juu ili sote tusikie mtoto akishukuru.

Sauti ilikuwa ya mwanamke mzima. Sijui kwa nini nilitegemea ya msichana.

"Tantine, aksanti. Uambie Papa aksanti kwa misa, imenigusa sana. Lakini ule si mimi. Mi sikukuwa mu ile film."

Hakuna aliyejua atazame wapi. Tantine aliibonyeza simu kama vile ingeweza kurudisha maneno ndani. Dokta alibaki amesimama, fimbo yake ingali inaelekea mgongo wa yule mwanamke. Mtu aliyewajua nusu ya Bukavu kwa makovu yao alikuwa hakumjua mwanawe. Aliushusha mkono taratibu.

"Mukule," alisema. "Bintu bitapoa."

Tulikula. Sijawahi kula sambaza wagumu kumeza kama wale.

Baada ya siku ile watu walipunguza kwenda kwake, kwa haya tu, maana kumtembelea mtu uliyeshuhudia aibu yake ni kazi. Kisha mambo ya mji yakatushika kila mmoja kwa namna yake. Ndege ziliacha kutua kwenye uwanja wa Kavumu, ofisi yangu ikapunguza watu na ikanipunguza mimi nusu, siku na mshahara, wageni waliokuwa wanaleta dawa na soksi hawakuja tena. Tantine alihamia kwa watoto wake Uvira. Dokta nilimwona tu nikichungulia juu ya ukuta, akiokota avoka, akinawa viwiko.

Nilivuka kwake tena Jumapili moja ya mwaka huu, kwa sababu nilisikia televisheni. Mlango ulikuwa wazi. Pazia limefungwa, kiti cha pili kiko mahali pake, na kwenye skrini palikuwa na lile lori, zile ngazi, yule mwanamke wa kitambaa. Dokta hakugeuka.

"Ikala, voisine."

Niliketi. Nilimwuliza, na sikuuliza kwa kejeli, kwa nini bado anaiangalia, ikiwa amekwisha kujua si yeye.

"Huyu pia ni mutoto ya mutu," alisema. "Baba yake pengine hajamuona. Hajue kama anafanya kazi muzuri hivi. Basi mi naangalia pa nafasi yake." Alimimina chai. "Na pengine iko muzee moya kule, anaangalia wangu."

Nikamwambia kile ambacho hakuna aliyewahi kumwambia: "Dokta, umuambie tu akuonyeshe sura. Neno moja. Yeye anangojea ile tu."

"Neno lilishatoka. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Sasa mutabaki vile, mupaka kufa?"

Dokta aliacha picha iendelee, wanaume wakibeba taa, mtu akikunja nyaya. Kisha akatoa simu mfukoni, akanipa bila kunitazama.

"Unipige filme. Hapa, vile niko naangalia. Usipige sura." Alifikiri. "Sura nilikataza. Piga mugongo."

Nikasimama nyuma ya kiti chake. Katika kioo cha simu nilimwona kama sikuwahi kumwona: shingo imekonda, nywele nyeupe nyuma ya masikio hazijakatwa vizuri, mabega yameinama mbele, na mbali kidogo, ndani ya televisheni, watu wadogo wanaohangaika na kazi zao. Kiti cha pili hakina mtu. Nilipiga mpaka aliponyoosha mkono nyuma kudai simu yake. Aliituma mwenyewe, kwa kidole kimoja, bila neno lolote.

Tulikunywa chai. Nilijiambia kule mtoto anakoishi pengine ndiyo kwanza kunakucha, au yuko kazini, au ataiona kesho. Simu ikalia pale mezani. Dokta aliitazama kama mtu anayesubiri majibu ya maabara yake mwenyewe, kisha akaifungua kwa sauti.

"Papa." Alivuta pumzi. "Papa, shati yako imepasuka pa bega. Upande wa kuume, nyuma. Hakuna mutu nyuma yako wa kukuambia?"

Niliangalia. Ilikuwa kweli: mshono umeachia, urefu wa kidole, na ngozi ya mzee inaonekana. Nilikuwa nimesimama pale na simu, nimepiga picha nzima, na sikuona.

"Iko kweli?" Dokta aliuliza.

"Iko kweli, Dokta."

Alipeleka mkono nyuma kwa juu, akaupeleka kwa chini. Mikono iliyoshona matumbo ya mji huu haikufika. Aliusikiliza ujumbe tena, kichwa kimeinama, na safari hii nilimwona akitabasamu pale mtoto alipovuta pumzi. Kisha akabonyeza kitufe cha sauti, akaileta simu karibu na mdomo, na kwa kitambo kirefu ilirekodi televisheni tu.

"Basi kuya uishone," alisema.

Sote watatu tulijua kwamba Kavumu hakuna ndege. Nilimwambia avue nilishone mimi, nina sindano nyumbani, ni kazi ya dakika tano. Alikataa. Alilivua shati, akalikunja mkunjo ule wa hospitali, pasuko likiwa juu, akaliweka kwenye kiti cha pili, na tangu siku ile nikienda kwake Jumapili nakaa kwenye stuli.